Ndama wa Flashi

Lamadi, 11 Februari 2024

Kwa Sengi Nyanjige, shangazi yangu, binti Mayige,

Mwangaluka, Sengi. Najua utaifungua barua hii jioni ukishafungia ng'ombe, lakini mimi naiandika asubuhi, kwa hiyo chukua salamu ya asubuhi uitunze mpaka kesho. Huku Lamadi ni mhola, salama tu. Kile kikohozi cha Januari kimeniacha. Duka linakwenda, maana wavuvi wanapata, na mvuvi akipata kitu cha kwanza anachonunua ni soda, cha pili ni memori kadi. Vipi ng'ombe wetu Madoa, ameshazaa? Palizi ya pamba imefika wapi?

Ningekupigia, lakini simu niliyokuletea uliirudisha. Bado nakumbuka maneno yako: vocha inaisha kabla salamu hazijaisha, na asiyemaliza salamu hana adabu. Haya, tuandikiane. Konda ataacha mzigo huu dukani kwa Josia, pale barabarani.

Ndani ya boksi kuna redio. Inachajiwa kwa kile kibati cha sola. Kile kijiti chekundu kinaitwa flashi, ni ya jibii nane, na nyimbo zote zimo humo: kwaya, nyimbo za kulimia, na zile za zamani ulizokuwa unaniimbia nikigoma kula. Kichomeke ubavuni mwa redio, ncha ya chuma itangulie, usikisukume kwa nguvu. Kitufe kikubwa ndicho cha kuwasha na kuzima. Usiiweke karibu na maji. Maximiliana alinisaidia kuchagua nyimbo.

Redio hii ni ya kukushikilia tu, Sengi. Pamba ikishauzwa nakuja kukuchukua. Nimeanza kujenga chumba nyuma ya duka, msingi umeshatoka chini. Tangu ulipofiwa ukarudi mji wa babu umekaa peke yako na ng'ombe, na mimi nikifunga duka nawaza umekula nini, umeongea na nani. Wazazi wangu walipotangulia ulinibeba wewe. Sasa ni zamu yangu. Niambie tu chumba nikipake rangi gani.

Mtoto uliyemlea kwa uji na makofi,
Onesmo


Sapiwi, 3 Machi 2024

Onesmo wa Masele,

Salamu yako ya asubuhi niliitunza vizuri, panya hawakuila. Na wewe pokea mwadila ya mchana. Hapa hatujambo. Madoa amezaa jike, mweupe wote isipokuwa sikio. Palizi nimemaliza. Kabula, yule jirani yangu mwenye kicheko cha kuamsha vijiji viwili, amepata mjukuu, na sasa hakuna anayelala.

Redio imefika. Wabeja, asante sana, mwanangu. Niliposikia kwaya nzima inatoka kwenye kijiti nilicheka mpaka nikakaa chini. Sasa naiwasha wakati wa kukamua. Madoa akisikia kwaya anashusha maziwa yote, akisikia zile za vijana ulizochomeka katikati anapiga ndoo teke. Mwambie huyo aliyekusaidia kuchagua.

Sasa nina kesi. Unamkumbuka Luhende wa ng'ambo ya uzio wa minyaa, yule mgane, mtu ambaye ukimsalimu anajibu kwa koo? Alikuja kuazima flashi. Nikampa, jirani ni jirani. Akairudisha salama. Jioni yake nimekaa nje, flashi ninayo mkononi, nasikia nyimbo zangu zinaimba kwake! Nikaenda kwenye minyaa nikamuuliza, Luhende, umeniibia? Akasema hajaiba, amenakili kwenye flashi yake, redio yake inanakili na kurekodi.

Wewe umekulia zizini, sheria unaijua. Mtu akikuwekesha ng'ombe wake, maziwa unakunywa, samadi unamwaga shambani kwako, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Flashi yangu imelala kwake na imezalia kwake. Ndama ni wangu. Nilimwambia awalete. Unajua alinijibu nini? "Ndama wako wana afya, Nyanjige. Waache wakue kwanza." Mtu asiyejua kuongea, siku akifungua mdomo anatoa ujeuri!

Wewe ndiye fundi. Niandikie sheria ya serikali inasemaje nikamsomee. Na huyo Maximiliana ni nani? Rangi ya chumba sijaifikiria.

Mwenye flashi,
Nyanjige


Lamadi, 24 Machi 2024

Sengi yangu mshitaki,

Mwadila nimeipokea, na mimi nakuongezea pole ya kukesha na mjukuu wa Kabula. Mimi mzima. Mvua za huku zimepasua barabara ya sokoni, lakini wateja wanarukaruka wanafika. Nimefurahi sana Madoa kuzaa jike. Tukiuza ng'ombe uhamie huku, mnunuzi atampenda.

Barua yako nimeisoma dukani nikacheka mpaka mteja mmoja akaondoka akidhani namcheka yeye. Sikiliza, Sengi. Mtu akinakili, zako hazipungui. Luhende anazo na wewe unazo. Sheria ya serikali kuhusu nyimbo ipo, tena kali, lakini tukiifuata wa kwanza kufungwa ni mimi mpwa wako. Basi tufuate ya ng'ombe. Kwa sheria ya ng'ombe umeshinda, ndama ni wako.

Lakini kuna jambo la kifundi silielewi. Huyo Luhende ana redio yake na flashi yake. Kwa nini anaazima yako? Mimi nahisi aliuziwa feki. Siku hizi zimejaa, juu imeandikwa jibii thelathini na mbili, ndani hamna hata nne. Mwambie nitamletea nzuri nikija.

Maximiliana ni mteja tu. Kwao wanaanika dagaa pale mwaloni, ufukweni, na yeye anakuja dukani kurushiwa nyimbo kwenye memori kadi. Anakusalimu sana. Hicho kifuko cha dagaa ametoa yeye, wala sikumwomba.

Chumba kimefika kwenye linta, juu ya dirisha. Sengi, bado hujaniambia unakuja.

Fundi wako,
Onesmo


Sapiwi, 28 Aprili 2024

Onesmo mwanangu,

Mwangaluka. Mkono wangu umechelewa kuandika kwa sababu ulikuwa unafukuza ndege kwenye mtama, siyo kwa sababu unaumwa. Hapa ni mhola. Kale kajike keupe kanaruka mpaka kanaanguka. Pamba imeanza kupasuka kule juu, na kina mama tumekubaliana kuvuna pamoja, leo kwangu kesho kwako.

Dagaa nimewala. Wasafi, hawana mchanga. Sasa nikuulize. Tangu lini mteja anamtumia dagaa shangazi wa mwenye duka? Hiyo kadi yake nimehesabu kwa barua zako, imejaa tangu Februari, na bado anakuja kujaziwa. Mwanangu, hakuna anayekwenda kisimani na ndoo iliyojaa. Mimi sijasema kitu.

Luhende amekiri kosa. Alikuja na flashi yake mwenyewe akaniwekea mkononi, akasema hawa hapa ndama. Nikaisikiliza, kweli ni nyimbo zangu zote, na nyingine mbili tatu za kwake ameongeza, ni nzuri. Nikasema kesi imekwisha, nikamrudishia. Kesho yake amekuja kuazima tena! Nikamwambia, Luhende, si ulishanakili zote? Akasema kuna moja hakuisikia vizuri. Nilimpa uji maana alikuwa amesimama juani. Halafu lango la zizi lilikuwa limelala tangu mwanzo wa masika, asubuhi nimeamka nikakuta limesimama, na kamba mpya. Hakuna aliyemtuma. Sijui anataka nini.

Unaniuliza kwa nini anaazima wakati anayo. Wewe ndiye fundi, niambie wewe.

Chumba chako ni kizuri. Dirisha lake linaangalia wapi?

Mlezi wako,
Nyanjige


Lamadi, 19 Mei 2024

Sengi mpenzi,

Natumaini vidole havijachomwa sana na magamba ya pamba. Wasalimie kina mama wote wa kikundi, na Kabula umwambie apunguze kicheko mtoto alale. Mimi sijambo, duka halijambo.

Kuhusu ndoo na kisima, sijaelewa. Kadi ya Maximiliana ni ya jibii nne, inajaa upesi, ndiyo maana anarudi. Juzi alisaidia kupaka rangi chumba chako. Ya bluu, alichagua yeye. Dirisha linaangalia barabara kuu, utaona mabasi yote yakipita, hutachoka.

Na huyo jirani yako, nimeshapata jibu la kifundi. Redio yake itakuwa haisomi vizuri, inaruka nyimbo. Ndiyo maana anarudia rudia. Aisafishe pale pa kuchomekea kwa kitambaa kikavu.

Sasa tusemezane kama watu wazima. Nimepata mnunuzi wa ng'ombe kutoka Mwanhuzi, mtu mwaminifu, atapita kwako mwezi ujao. Mimi nakuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, mwanzoni mwa Julai kukubeba wewe na vitu vyako. Nimekuuliza barua tatu hujasema ndiyo wala hapana. Basi nimechukua kimya chako kuwa ni ndiyo.

Nakusubiri kwa hamu,
Onesmo


Sapiwi, 2 Juni 2024

Onesmo,

Umeamkaje. Mimi nimeamka. Ng'ombe wameamka.

Kimya siyo ndiyo. Wala kimya siyo hapana. Wanaume mjifunze hilo, wote.

Redio imelowa maji, haiongei tena. Imelowaje usiniulize. Nitumie nyingine upesi, kubwa kuliko ile, yenye sauti ya kuvuka minyaa. Huyo mnunuzi wa Mwanhuzi asije.

Nyanjige


Lamadi, 10 Juni 2024

Sengi,

Mwangaluka sana. Mwangaluka tena, maana yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kuona kama kuna nyingine nyuma. Unaumwa? Umenikasirikia? Kuna mtu amekusema? Nimeshindwa hata kula.

Redio imelowaje wakati Juni Sapiwi hakuna tone la mvua? Na unataka nyingine ya nini wakati mwezi ujao unahamia kwenye duka la redio? Hapa utachagua unayotaka, zimepangwa mpaka darini.

Au ni flashi? Huyo Luhende kaichomeka huku na huku, lazima imepata virusi. Virusi vinafanya redio ipige makelele yasiyoeleweka. Kama ndivyo, nitumie niifute yote, niijaze upya. Dakika chache tu inakuwa mpya kabisa.

Maximiliana anasema nisikusumbue kwa maswali, nikutumie redio tu. Nikamuuliza kwa nini, akacheka. Na nyinyi wanawake!

Niambie ukweli, Sengi. Ninaogopa.
Onesmo


Sapiwi, 16 Juni 2024

Onesmo mwanangu,

Usithubutu kufuta. Nimeanza na hilo, kabla hata ya salamu, ujue lina uzito. Sasa mwangaluka. Siumwi. Sijakukasirikia. Kula chakula.

Nimeona nikiendelea kukuficha utakuja na kirikuu unikute bado sijawajibu, wewe na mtu mwingine. Kwa hiyo nasema.

Luhende alirudisha flashi mara ya mwisho siku moja kabla ya kina mama kuja kuvuna kwangu. Alisema, "Utaisikiliza ukiwa peke yako." Mimi nikadhani ameongeza wimbo mpya. Kesho yake tumo shambani, kina mama wote, migongo inauma, Kabula akasema Nyanjige washa redio tupate nguvu. Nikawasha mpaka mwisho. Ikaanza kwaya, tukaimba. Kwaya ikaisha. Kikaja kikohozi. Nikajua kile kikohozi. Halafu ng'ombe akalia ndani ya redio, halafu Luhende akaanza kusema.

Sitayaandika maneno yake. Nimekufungia flashi kwenye kitambaa, sikiliza mwenyewe, peke yako, halafu uirudishe upesi. Ninayokuambia ni haya: alisema nikikubali niache redio ikiimba, yeye yuko ng'ambo ya minyaa, atasikia. Nisipokubali niizime, atasikia kimya, hataniuliza tena.

Sasa niwaze mimi, mwanangu. Kabula ameangukia kwenye gunia la pamba kwa kicheko. Wengine wanapiga vigelegele. Natafuta kitufe, sikipati. Nikachukua ndoo ya maji ya kunywa nikaimwagia. Ndiyo, kama mtu anayezima moto! Ikakoroma, ikanyamaza. Nikainua macho, nikamwona Luhende amesimama kwenye pamba yake mwenyewe upande wa pili. Alikuwa amesikia yote. Akasikia na kimya. Akavua kofia, akaivaa, akaingia kwake.

Tangu siku hiyo hajaazima kitu. Ng'ombe wake anawapitisha njia ya mtoni, ndefu, asipite langoni kwangu. Flashi niliichomoa nikaianika juu ya bati pamoja na mboga, na namshukuru Mungu haikufa. Nilikwenda kwa Josia akanichomekea kwenye redio yake nihakikishe, nikamfukuza kwanza atoke dukani mwake.

Utasema, Sengi, si uvuke minyaa ukamwambie. Binti wa Mayige avuke uzio kumfuata mwanamume? Yeye aliniambia nijibu kwa redio, nitajibu kwa redio. Na utasema niazime ya jirani. Nikiazima ya Kabula, Sapiwi nzima itakuja na viti kusikiliza nawasha saa ngapi.

Chumba chako, mwanangu, kimenitoa machozi. Dirisha la barabara, rangi ya bluu. Sikujua nikuambieje bila kukuvunja moyo, ndiyo maana nilikuwa nazunguka. Mimi sitaki kuona mabasi. Nataka kuona nani anakuja kuazima nini. Wewe ndiye mwanamume pekee uliyebaki wa mji huu, na bila neno lako siwezi kuwasha chochote. Kama unakataa, sema, nitakuja Lamadi na nitakaa kwa amani.

Anayesubiri,
Nyanjige


Lamadi, 20 Juni 2024

Sengi,

Mwangaluka, mwadila, na salamu zote zilizobaki, jaza mwenyewe, konda ananipigia honi.

Uliniambia nisikilize peke yangu. Mkono wa fundi una mazoea yake, Sengi. Nikafungua kitambaa, nikachomeka kwenye sabufa kubwa ya mlangoni ninayoitia wateja, nikawasha. Kikohozi cha Luhende kimefika mpaka stendi. Wauza samaki wameacha mizani. Na sauti yake ikasema, neno kwa neno, mpaka sasa watu wanayarudia mtaani: "Nyanjige, binti Mayige. Ni mimi Luhende. Nyimbo zako nilishazisikia zote siku ya kwanza. Ninachoazima siyo flashi. Naazima sababu ya kuja kwako." Mama mmoja muuza ndizi amelia kabisa. Akaniuliza, huyo mwanamke amejibuje? Nikasema amemwaga ndoo ya maji. Akataka kunipiga.

Na mimi mpumbavu, miezi yote hii nakuandikia kuhusu flashi feki na kitambaa kikavu! Maximiliana anasema alijua tangu habari ya uji.

Nimeingia kwenye kile chumba cha bluu nikakaa juu ya kopo la rangi. Nikacheka, halafu nikalia kidogo, sikufichi. Nilidhani upweke ni wako, nakuja kukuokoa. Kumbe wewe una Luhende, Kabula, ng'ombe na kesi, na anayekula peke yake nyuma ya duka ni mimi. Nilikuwa namhitaji Sengi wangu, nikaliita jambo hilo kukutunza.

Haya, hii ndiyo hukumu ya mwanamume wa mji wa Mayige. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, hilo halibadiliki. Basi ndama wote warudi kwako, na aliyekuwa anawachunga aje nao, akae. Mnunuzi wa Mwanhuzi nimemzuia.

Flashi iko ndani ya boksi, sijaigusa hata herufi moja. Na hiyo sabufa niliyokutumia ndiyo hiyo ya mlangoni, pamoja na betri na sola yake. Ukiiwasha atasikia hata akiwa amelala chini ya maji. Kitufe cha kuwasha nimekizungushia uzi mwekundu. Ndoo zote ziweke mbali.

Washa, Sengi. Washa!
Onesmo


Sapiwi, 30 Juni 2024

Onesmo, mwanamume wa mji,

Mwangaluka, baba. Hapa ni mhola, mhola kabisa. Pamba yote imeingia ghalani. Madoa mzima, ingawa amenikasirikia, utasikia kwa nini.

Sabufa ilipofika niliisimamisha uani, nikaielekeza kwenye minyaa, nikabonyeza kitufe chenye uzi mwekundu. Mwanangu, kwanza kuku walipotea. Halafu Madoa akaruka lango, lile lile jipya. Kwaya ikatoka pale ardhi inatetemeka. Mimi nimesimama katikati ya uwanja, sijui niweke mikono wapi. Wimbo wa kwanza ukaisha, hakuna mtu. Wa pili ukaisha. Nikasema moyoni, basi, amechoka kungoja. Mara nikasikia matawi yanavunjika. Hakupita langoni, alipasua minyaa kwa kifua, utomvu umemjaa shati zima, kofia imebaki kwenye miti. Anamvuta Madoa kwa kamba, alimkuta kwake.

Nikamwambia, Luhende, umechelewa. Akasema, redio ndiyo iliyochelewa. Basi. Nikapunguza sauti, nikakoroga uji. Kabula alishaanza vigelegele huko kwake hata kabla hajajua habari, na ilipofika jioni wamekuja wote, na viti, kama nilivyosema.

Wazee wake watakuja kuniposa baada ya Nane Nane. Utakaa kwenye kiti cha babu yako na utawasumbua kidogo, usiwape kirahisi, nisije nikaonekana nilikuwa nasubiri.

Sasa la kwako. Nakuja Lamadi Alhamisi ya tarehe kumi na moja, mimi na Luhende, kwa basi la asubuhi. Sihamii. Nakuja kuposa. Shangazi ndiye mwenye mdomo wa kazi hiyo, na wewe mdomo wako unajua virusi tu. Msichana amechagua nyimbo zangu, amenitumia dagaa, amechagua rangi ya chumba na akakipaka kwa mkono wake, na wewe umeniandikia ni mteja. Chumba hicho kilikuwa na mwenyewe tangu msingi, Onesmo. Hakikuwa changu hata siku moja.

Lakini siwezi kwenda mwaloni kwa watu kabla yeye mwenyewe hajakubali. Muulize. Kwa mdomo wako, ana kwa ana, usimrekodie, tumeona inavyokuwa. Na jibu ninalitaka kwa njia ya kwetu. Akikubali, fungulia muziki dukani, nishuke nausikia. Nikifika stendi nikakuta kimya, sitashuka, nitageuza na basi hilo hilo na hatutaongea habari hii tena.

Ninayekuja na masikio mawili,
Nyanjige


Lamadi, 11 Julai 2024

Sengi,

Nimempa konda wa basi linalotangulia, akupe mkipishana Dutwa. Salamu utazipata ana kwa ana, zote, sitabakiza.

Sabufa yangu iko kwako, kwa hiyo Maximiliana ameleta ya kwao, na ya jirani zao, na ile ya kanisani kwa ruhusa. Ziko nne mlangoni. Memori kadi ni ya kwake.

Shuka.

Onesmo